Stashahada ya Shemeji Yako

Soweto, Moshi
Jumapili, 17 Februari 2008

Mdogo wangu Flavia,

Marahaba kwa shikamoo zako zote, ile ya mwanzo wa barua na ile uliyoiongeza pembeni ulipodhani umeisahau. Natumaini barua hii itakukuta mzima wewe pamoja na walimu wenzako hapo Songea, na kwamba ile homa iliyokulaza siku tatu haijarudi. Sisi huku tunaendelea. Lucky ameingia darasa la tatu na ameng'oka meno mawili ya mbele, kwa hiyo jina lake mwenyewe linamtoa jasho. Mama nilimwona wiki mbili zilizopita nilipopanda Rombo. Goti linamsumbua anapoteremka shambani, kihamba cha chini, lakini migomba imezaa vizuri na ng'ombe amezaa dume. Kile kitenge ulichomtumia alikipata. Amekivaa kanisani Jumapili mbili mfululizo, na ya tatu nadhani ni leo.

Barua yako niliipata Jumatano. Niliisoma nikiwa nimesimama pale dukani, nikaikunja, nikaifungua tena. Umeniuliza mambo mawili. La kwanza umeliandika ukurasa mzima: kwamba parokia imeleta intaneti, unataka kusoma stashahada kupitia mtandao, na hujui kama uchague masomo ya kujisomea kwa wakati wako au yale ya darasa la pamoja lenye saa yake. La pili umeliandika mistari miwili mwishoni, kama mtu anayechungulia dirishani akapita: kwamba Gladys, binti wa shangazi, amekuambia nilifukuzwa chuo kwa kunakili kazi ya mume wangu, na kwamba hujaamini, ila ungependa kulisikia kwangu.

Simu haifai kwa haya. Nyumba yetu unaijua, ukuta wa chumbani haufiki juu, na shemeji yako Wenseslaus ana masikio. Acha nianze na lile la kwanza.

Kujisomea kwa wakati wako kuna raha, nisikudanganye. Somo linakungoja. Mtoto akiumwa, ugeni ukiingia, ukirudi unalikuta palepale. Unaweza kurudia ukurasa mmoja mara nne bila mtu kukucheka. Mwaka juzi wakati wa mgao wa umeme, wanafunzi wa namna hiyo walikuwa wakija dukani siku umeme upo, wanachapisha kurasa zote za mwezi, wanaondoka nazo kwenye mifuko ya rambo kwenda kuzisomea nyumbani. Ubaya wake ni kwamba unauliza swali Jumatatu unajibiwa Jumatatu nyingine, na kufikia hapo umeshaelewa vibaya na umeshazoea. Halafu upweke, Flavia. Katika kundi ninalolijua mimi walianza watu ishirini na sita wakamaliza tisa. Hakuna aliyewafukuza. Walipungua tu, hata usijue nani aliondoka lini.

Darasa la pamoja ni kitu kingine. Mnafungua kompyuta kwa wakati mmoja, kila mtu mahali alipo, mwalimu anaandika kule na maneno yanatokea kwako hapohapo. Unajibu, wenzako wanaona, unasahihishwa kabla hujaenda mbali na kosa lako. Unawazoea watu ambao hutawaona maisha yako yote. Kulikuwa na mzee mmoja wa Kisii aliyekuwa na utani hata kwenye somo la bajeti ya shule. Nilikuwa nacheka peke yangu dukani mpaka wateja wananitazama. Lakini mtandao ukikatika, umekosa. Na mwenye vidole vyepesi ndiye anayeonekana ana akili. Nilimwona mwalimu mmoja wa miaka mingi akituma jibu zuri kuliko yote wakati wengine wameshahamia swali la tatu, na hakuna aliyelijibu. Zipo pia kozi za diski, unamsikia mwalimu akizungumza, unaweza kumsimamisha na kumrudisha nyuma unavyotaka, ila huwezi kumuuliza chochote.

Halafu ipo ile ya kituo. Mnakusanyika mjini mbele ya skrini kubwa, kuna kamera, mwalimu anawaona na ninyi mnamwona. Inakula nauli, ina ratiba isiyojali kwamba una kidonda au una msiba, na ukichelewa wote wanaona umechelewa. Watu wengi wanaikimbia. Kama huko Songea ipo, nenda hiyo.

Najua utajiuliza nimeyajulia wapi yote haya, maana nyumbani kila mtu anajua kwamba aliyesoma ni shemeji yako, na mimi nilijaribu mwaka jana tu nikashindwa kwa aibu. Sasa nitakuambia, na nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujaanza kulia au kukasirika.

Unakumbuka mwaka 2004 Wenseslaus alipojiandikisha stashahada ya uongozi wa shule, kile chuo cha nchi jirani. Alikuwa mwalimu wa kawaida, miaka kumi na moja kwenye chaki, na waliomaliza baada yake walikuwa wameshakuwa wakuu wa shule. Mimi nilikuwa tayari nachapa kwenye duka la Mzee Ebenezeri, na mzee alikuwa ameleta kompyuta nne na intaneti. Wenseslaus hajui kuchapa. Anatafuta herufi moja moja kwa kidole kama mtu anayechambua mchele. Kwa hiyo alikuwa akiandika majibu yake kwa mkono, ananipa asubuhi, mimi nayachapa mchana na kuyatuma. Ndivyo ilivyoanza, na hapo sioni kosa la mtu.

Kisha nikaanza kurekebisha sentensi. Kisha aya. Mwezi wa tatu wa kozi alikuja na nusu ukurasa kwa swali lililotaka kurasa tano, akasema amechoka, kuna mitihani ya darasa la saba, nimalizie. Nikamalizia. Alama zilirudi juu kuliko zote alizowahi kupata. Alifurahi, aliniletea nyama kilo mbili. Mwezi wa tano hakuandika kitu. Aliniachia tu karatasi yenye neno lake la siri na kuniambia, "Mama Lucky, wewe unajua wanavyotaka."

Nilikuwa najua. Hilo ndilo linaloniuma kuliko mengine. Sikulazimishwa, Flavia. Hakunipiga wala kunitisha. Nilimaliza kidato cha nne na daraja la pili, ukumbuke, na Baba akasema wasichana wawili hawawezi kwenda mbele kwa kahawa ile, bei ilikuwa imeanguka na watu wanang'oa mibuni. Nikaolewa. Miaka kumi nilichapa kadi za harusi na barua za kuomba kazi za watu wengine. Halafu ghafla kuna mtu ananiuliza nafikiri nini kuhusu jambo fulani, na ananisubiri nijibu.

Mtu huyo aliitwa Mwalimu Doris. Yeye ndiye aliyekuwa akiendesha darasa la Alhamisi saa kumi jioni. Mzee Ebenezeri aliniruhusu kukaa kwenye kompyuta ya pembeni saa ile kwa kuwa wateja ni wachache. Alidhani namwandikia mume wangu mpaka afike kutoka shuleni. Siku moja aliniambia, "Huyu mumeo anasoma sana bila kufika." Niliinamisha kichwa nikaendelea kuandika.

Mwalimu Doris alikuwa akiniita Wenseslaus. Mwanzoni lilinichekesha, baadaye nililizoea, na baadaye kabisa, nikisikia mtu analiita jina hilo barabarani, nilikuwa nageuka. Alinibishia, alinisifu, alinitumia kurasa za ziada ambazo wengine hawakupewa. Nilianza kuishi kwa kungoja Alhamisi. Kazi kubwa ya mwisho ilikuwa juu ya utoro wa wanafunzi, na mimi niliandika habari za msichana wa Rombo ambaye mama yake alikuwa akimbakiza nyumbani siku za soko ili abebe ndizi mpaka sokoni Mkuu, wakati mdogo wake anakwenda shule. Unamjua msichana huyo. Wewe ndiye mdogo wake. Niliandika kwamba daftari la shule lilimwandika mtoro, kina mama wa sokoni walimwita mfanyabiashara, na hapakuwa na mahali alipoandikwa kuwa ni mtoto. Nililia nikiandika, mteja mmoja akaniuliza kama macho yananiuma.

Mwezi wa nane mwaka 2005 Mwalimu Doris alikuwa Arusha kwenye mkutano, akaandika kwamba angependa kupita Moshi kumwona mwanafunzi wake. Wenseslaus alipata homa ya kweli. Tulikaa siku mbili namfundisha mambo aliyokuwa ameyaandika. Alipofika mgeni, mama mnene mwenye sauti ya chini, nilimpokea mkoba mlangoni, nikamkaribisha kiti, nikaenda kuchemsha chai. Niliwasikia kutoka jikoni. Wenseslaus alikuwa akijibu, "Ndiyo, mwalimu," na "Kabisa, mwalimu." Nilipoingia na sinia, Mwalimu Doris alikuwa akisema kwamba ile habari ya msichana wa siku za soko aliwasomea hata watoto wake. Akamuuliza Wenseslaus, "Ni dada yako?"

Wenseslaus alinitazama, kisha akasema, "Ndiyo. Ni dada yangu."

"Alifika wapi?"

"Aliolewa," akasema.

Mimi nimeshika birika. Nikamimina chai, Flavia. Nikamwongezea sukari. Mwalimu Doris akapokea kikombe, akanitazama usoni kwa upole kabisa, akasema, "Asante sana, mama." Karibu mwaka mzima tulikuwa tumezungumza kila Alhamisi, na hilo ndilo neno la kwanza aliloniambia mimi. Ningeweza kusema. Nilikuwa na nafasi, mdomo ulikuwa wangu. Nilirudi jikoni nikaosha sufuria ambayo ilikuwa safi.

Cheti kilikuja mwanzoni mwa 2006. Sherehe unaikumbuka, ulipanda nasi nyumbani kwao, pombe ya mbege ilikuwa mapipa mawili na baba mkwe alichinja mbuzi. Uliniuliza kwa nini sikutoka jikoni hata walipomvisha shada. Nilikuambia moshi umeniingia machoni. Miezi minne baadaye aliteuliwa kuwa mwalimu mkuu, shule ile ya huku upande wa Shirimatunda.

Mwaka jana nikamwambia nataka kusoma na mimi. Hakukataa. Alisema ni jambo jema, ila nichague kozi nyingine. Nikachagua ileile. Hapo kosa ni langu, nilikuwa na kiburi. Nilitaka karatasi ileile ukutani, ila yenye jina la Dominika. Mwalimu Doris alikuwa ameshaacha kazi pale, na hakukuwa tena na darasa la pamoja. Sasa kila kazi unaiweka kwenye ukumbi wa mtandao ambapo hata usiowajua wanaisoma, na kuna mashine inayoilinganisha na kazi zote za miaka ya nyuma. Nilisoma miezi minane, alama nzuri. Ikafika kazi ya utoro. Flavia, nilikuwa na maisha mamoja tu ya kuandika. Sikufungua karatasi ya zamani, naapa kwa roho ya Baba. Niliandika safari hii kwa kusema mimi: mimi nilibeba ndizi, mimi niliandikwa mtoro. Sentensi zikaja zenyewe kwa sababu ni zangu.

Mashine ikasema ni kazi ya Wenseslaus.

Chuo kiliniandikia barua ya heshima kuniomba maelezo. Kikamwandikia na yeye, kama mwenye kazi ya kwanza, kumuuliza kama anaitambua. Nilingoja azungumze. Siku ya nne aliniita sebuleni, akanieleza kwa utulivu, kama anavyowaeleza walimu wake. Alisema nikikubali kosa, napoteza kozi. Yeye akisema kweli, anapoteza cheti, anapoteza shule, na mimi bado napoteza kozi, maana nilidanganya kwa jina lake. Aliniambia nichague mwenyewe Lucky ale kwa kazi ipi. Alikuwa ameshafanya hesabu zote, na sikuona mahali alipokosea.

Nililie nini, kama kila alilosema ni kweli?

Sasa nakuambia lile ambalo Gladys hajui, wala Mama, wala padri. Kesho yake asubuhi Wenseslaus aliniachia karatasi mezani, mwandiko wake ule wa kulala. Ilikuwa ni barua yake kwenda chuoni. Ilisema kwamba anathibitisha kazi ile ni yake, kwamba msichana anayetajwa ni dada yake, kwamba mke wake humsaidia kuchapa na huenda alipata nafasi ya kuiona, na kwamba anaomba asihukumiwe vikali kwa kuwa hana uzoefu wa elimu ya juu. Aliiacha kama alivyoacha karatasi zote, nikachape.

Nikaichapa.

Barua iliyonifukuza chuo imechapwa kwa mikono yangu hii, kwenye kompyuta ileile ya pembeni. Si hivyo tu. Alikuwa ameandika "inasikitishwa," nikaweka "inasikitisha." Alikuwa amerudia neno "kwamba" mara tatu kwenye sentensi moja, nikaipunguza. Nilitaka barua ile iwe nzuri, Flavia. Nimekaa miezi minne najiuliza ni mtu wa namna gani anayesahihisha hati ya kujifukuza mwenyewe. Niliituma saa sita mchana. Chuo kilijibu baada ya siku mbili: nimefutwa, na nisiombe tena kwa miaka mitano. Walimshukuru Bwana Wenseslaus kwa uungwana wake.

Kwa hiyo uliyoyasikia ni kweli kwa namna yake. Ukiulizwa, sema dada yako aliandika kazi ileile mara mbili.

Nilikuwa nimekusudia kuishia hapo, lakini kuna jambo la wiki hii. Wenseslaus anatajwa kwenda ofisi ya elimu, na kwa nafasi hiyo wanataka shahada. Amejiandikisha chuoni kulekule mwezi uliopita, bila kuniambia. Kwenye kozi ya shahada wamerudisha darasa la Alhamisi. Siku ya Jumatano, ileile niliyopata barua yako, nilikuta karatasi mezani chini ya kopo la sukari. Neno la siri jipya.

Alhamisi saa kumi nilikuwa dukani. Kompyuta ya pembeni ilikuwa wazi, hapakuwa na mteja. Sitakuficha kwamba nilitaka. Nilikaa pale, nikaandika herufi tatu za kwanza za jina lake, nikasikia kitu kama njaa. Kisha nikafuta. Nikahamia mashine nyingine nikamaliza kadi za kipaimara za watu wa Kibosho, kadi mia mbili, na saa kumi na moja ilipofika nilijua wameshaita majina yote na hakuna aliyeitikia kwa jina lile.

Wenseslaus alirudi kutoka shuleni, akanawa mikono, akakaa. Akaniuliza leo wamefundishwa nini.

Nikamwambia, "Sijui. Mwalimu ni wako, muulize."

Alidhani kompyuta imeharibika, akaniuliza kama umeme ulikatika. Nikasema umeme ulikuwepo. Akauliza kama naumwa. Nikasema siumwi. Tangu hapo hajanisemesha neno ila kupitia kwa Lucky, na Lucky anadhani ni mchezo. Karatasi bado iko chini ya kopo. Sijui Alhamisi ijayo itakuwaje, na kuhusu hiyo ofisi ya elimu sijui kabisa. Ikitokea hali hapa imekuwa ngumu, nitakuandikia, na huenda nikakuomba kitanda kimoja huko Songea mpaka nijue la kufanya.

Wewe soma. Jiandikishe kwa jina lako kamili, lile la ubatizo na la Baba. Ukipata mwalimu anayekuona uso, usimwache, hata kama nauli inakula mshahara. Na ukiwa umeolewa, mtu akikuletea karatasi yake umsaidie kidogo tu, mrudishie mezani.

Mama hajui lolote katika haya, nakuomba ibaki hivyo mpaka nitakapopanda kumweleza mimi. Nisalimie masista wa parokia na yule mwalimu mwenzako aliyekupikia uji ulipokuwa mgonjwa. Lucky anakusalimu, anasema ukija umletee karanga za huko. Mungu akutunze mdogo wangu, na ukijibu, tumia anwani ya dukani.

Ni mimi dada yako,

Dominika